Omu chache si kazi nyepesi

Mteja anapanda ngazi kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, akiwa amekwisha kununua: hedifoni ya omu 32 begani, na amplifaya ya valvu (zile chupa ndogo za kioo zinazokuza sauti) isiyo na transfoma ya kutolea sauti, zile tunazoita OTL. Lalamiko ni lile lile. Besi imevimba, sauti nzito, mwimbaji kama amefunikwa blanketi. "Fundi, hii hedifoni hata simu inaisukuma. Valvu itashindwaje?"

Inashindwa, na nimechoka kulieleza hili kaunta.

Simu nyingi zenye tundu la hedifoni zina impidansi (ukinzani kwa umeme wa sauti, unaopimwa kwa omu) ya omu chache tu hapo. OTL huwa nayo nyingi. Bottlehead Crack, ile inayouzwa ikiwa vipande ukaiunga mwenyewe, ina takriban omu 120. Volteji hugawanywa kati ya impidansi ya amplifaya na ya hedifoni, basi piga hesabu. Kwa omu 32, hedifoni inaambulia asilimia 21 hivi. Iliyobaki inaishia ndani ya amplifaya kama joto. Kwa Sennheiser HD 650 ya omu 300, inapata asilimia 71.

Na hilo la nguvu ndilo dogo. Impidansi ya hedifoni ya dainamiki, ile ya kawaida yenye koili na sumaku, haikai pale ilipoandikwa kwenye boksi. Kwenye besi hupanda. Chukua ya omu 32 inayofika 90 pale chini: mgao wake unaruka kutoka asilimia 21 hadi 43, yaani besi imeongezwa desibeli 6 bila wewe kugusa kitu. Huo ndio uvimbe unaoniletea. HD 650 nayo hupanda, hadi karibu 500, lakini kwa hesabu hiyo hiyo inaongezeka desibeli moja tu. Hiyo desibeli moja ndiyo watu wanaita "utamu wa valvu", nami naipenda, sitaikana.

Kanuni ya kawaida inasema impidansi ya amplifaya isizidi sehemu ya nane ya ile ya hedifoni. Mimi huivunja kwa HD 600 na HD 650. Kwa Grado ya omu 32, siivunji hata kidogo. Ukitaka valvu na hedifoni ya omu chache, tafuta yenye transfoma ya kutolea sauti, au ya mchanganyiko: valvu mbele, transista nyuma, kama Schiit Vali 2. Najua kuna wanaosema mchanganyiko si valvu halisi. Waache, wewe sikiliza muziki.

Planar, zile za utando bapa, je? Impidansi yake ni tambarare, haipandi kwenye besi, kwa hiyo besi haitavimba. Ila inataka mkondo wa umeme, na mkondo ndio OTL haina.

Kuna wanaopima ubora kwa mwanga. Ule wa rangi ya chungwa ni hita ya valvu, na haukwambii lolote kuhusu sauti. Kwenye zile za bei ya chini, mara nyingi ni LED imefichwa chini ya valvu.

"Valvu ikiingia kwenye soketi, inafaa." Hapana. Valvu za 6SN7 na 6SL7 zina pini zilizopangwa sawa kabisa, lakini moja hukuza mara 20 hivi na nyingine 70. Kabla ya kununua valvu za bei ghali, nunua hedifoni nzuri. Tofauti utaisikia bila kukaza masikio.

La mwisho, kwa wanaoletewa mtumba kutoka Marekani: adapta ya plagi haibadilishi volti. Amplifaya ya volti 120 kwenye 240 zetu itaungua, kwa hiyo lazima uwe na transfoma ya kushusha. Na soma bamba la nyuma hadi mwisho. Ikiwa imeandikwa herzi 60 peke yake, transfoma yake ya ndani itapata joto zaidi kwenye 50 zetu, hata volti zikiwa sawa.