Mimea ya porini ya Mediterania: jina la mmea peke yake halitoshi

Katika siku za karibuni wananchi wengi nchini Tanzania wamekuwa wakituletea sisi wataalamu wa dawa, au kututumia picha za, chupa na makopo ya bidhaa zinazonadiwa kuwa zimetokana na mimea ya porini ya nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania: mafuta ya oregano ya Ugiriki, kapsuli za majani ya mzeituni, chai za kupunguza mwili, na vidonge vya kuondoa huzuni vilivyotengenezwa kwa maua ya njano. Swali linaloulizwa ni lile lile, kama bidhaa hiyo ni nzuri au mbaya, na mara nyingi muulizaji hutaja jina la mmea tu na kutarajia kujibiwa siku hiyo hiyo. Makala hii inaeleza kwa nini jina la mmea halitoshi kutoa jibu la kitaalamu, na ni taarifa gani nyingine ambazo mtumiaji na mwingizaji wa bidhaa wanapaswa kuwa nazo mkononi.

Ukanda wa Mediterania hupata mvua zake wakati wa baridi na hukauka kabisa wakati wa kiangazi. Mimea inayoota kwenye vilima vya mawe ya chokaa vya Ugiriki, Italia, kusini mwa Ufaransa, Hispania na Maghreb (kaskazini-magharibi mwa Afrika) inavumilia jua kali, udongo mwembamba, wadudu, kuvu na mbuzi, na kwa kuwa haiwezi kuhama, hujilinda kwa kemikali. Humo ndimo zinamotoka terpini, fenoli, alkaloidi na glikosidi ambazo wataalamu wa dawa huziita viambata hai. Hakuna kiambata hata kimoja kati ya hivyo ambacho mmea ulikitengeneza kwa ajili ya binadamu. Vingine hugusa mwili wetu kwa namna yenye manufaa, vingine kwa namna inayoua, na vingi hufanya yote mawili kutegemea kiasi.

Tuchukue oregano, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa zaidi. Nguvu yake ya kudhuru bakteria inatokana hasa na karvakroli na timoli, kemikali mbili zenye fomula moja, C10H14O, zinazotofautiana mahali tu kilipokaa kikundi cha haidroksili. Zote mbili hupenya kwenye utando wa seli ya bakteria na kuufanya uvuje. Hata hivyo, oregano ya Ugiriki, ambayo kitaalamu ni Origanum vulgare nususpishi (yaani kundi dogo ndani ya spishi) hirtum, ina mafuta mengi ya harufu, ilhali nususpishi vulgare inayoota kaskazini mwa Ulaya ina mafuta machache sana, na zote mbili zinaweza kuuzwa kwa jina moja. Hata ndani ya ile ya Ugiriki, mmea uliovunwa kiangazi ukiwa umechanua huwa na karvakroli nyingi, na ule uliovunwa majira ya vuli huwa na para-simeni zaidi, ambayo ni dhaifu sana dhidi ya bakteria. Famakopia ya Ulaya, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, haitosheki na jina la mmea. Inataka oregano kavu iwe na angalau mililita 25 za mafuta ya harufu kwa kila kilo, na kiasi cha karvakroli na timoli kipimwe.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa thaimu ya porini, Thymus vulgaris, katika bonde la Saint-Martin-de-Londres karibu na mji wa Montpellier nchini Ufaransa. Watafiti waliochunguza mimea hiyo kwa miongo kadhaa walikuta aina sita za kikemia, zote zikiwa spishi moja na zisizotofautiana kwa macho. Ndani ya bonde, ambamo hewa baridi hutuama wakati wa baridi na barafu huwa kali, kulitawala mimea isiyo na fenoli (kundi la timoli na karvakroli), yenye linaloli na nyinginezo. Kwenye miinuko ya jirani yenye joto na ukavu zaidi kulitawala mimea yenye timoli na karvakroli, ambayo haivumilii barafu kali. Baridi kali ilipopungua katika miongo ya karibuni, mimea yenye fenoli ilianza kuonekana katika maeneo ambayo awali haikuwapo. Watu wawili wanaovuna thaimu hiyo hiyo umbali wa kilomita chache wanaweza kuwa wanauza bidhaa mbili zenye kemia tofauti kabisa, na hakuna hata mmoja wao anayesema uongo.

Ndiyo maana maabara hazisomi lebo tu. Kwa mafuta ya oregano au thaimu, hatua ya kwanza ni kudondosha tone dogo lililoyeyushwa kwenye bamba lililopakwa silika, kisha bamba husimamishwa ndani ya chombo chenye kiyeyushi ambacho hupanda taratibu na kuvitenganisha viambata. Bamba likishakauka hunyunyiziwa kitendanishi cha anisaldehaidi na kupashwa joto la nyuzi 100 hadi 105 kwa dakika chache, na hapo timoli hujitokeza kama doa la waridi lililoelekea hudhurungi, na karvakroli kama doa la zambarau hafifu. Mafuta ya kula yaliyotiwa matone mawili matatu ya harufu hayatoi madoa ya namna hiyo kwa nguvu inayotakiwa. Hatua inayofuata ni kupima kiasi kwa kromatografia ya gesi, mbinu ya kutenganisha viambata vikiwa mvuke, ambayo inahitaji sampuli ya marejeo na muda wa kutosha. Mwananchi anayetaka jibu kwa picha ya chupa aelewe kwamba picha haina kemikali ya kupimwa.

Tunaombwa mara nyingi tukiri kwamba mimea hii inatibu. Tunakiri bila kusita, na historia ya dawa inathibitisha. Nchini Misri, mbegu za khela, Ammi visnaga, zilitumiwa kwa muda mrefu na watu wenye mawe kwenye figo ili kulegeza misuli ya njia ya mkojo. Miaka ya 1940, Gleb Anrep na wenzake jijini Cairo walichunguza kiambata chake, kelini, wakaonyesha kwamba kinatanua mishipa ya moyo. Kutokana na kemia ya kelini zilipatikana baadaye amiodaroni, inayotumika kurekebisha mapigo ya moyo, na sodiamu kromoglikati, ambayo daktari Roger Altounyan, aliyekuwa na pumu, aliijaribu mwilini mwake mwenyewe nchini Uingereza. Leo matone ya kromoglikati kwa ajili ya macho yanayowasha kwa mzio yanapatikana katika maduka mengi ya dawa hapa kwetu. Yazingatiwe mambo mawili: safari hiyo ilichukua miaka mingi, na dawa iliyopatikana mwishoni ni molekuli moja yenye kipimo kinachojulikana, ambayo haikuwamo katika mbegu yenyewe.

Dhana inayotusumbua zaidi ni ile isemayo kwamba mmea uliotumiwa na mababu kwa karne nyingi hauwezi kudhuru. Dhana hiyo imeshagharimu maini ya watu. Teucrium chamaedrys, mmea mdogo wa maua ya zambarau unaoota kusini mwa Ulaya, ulinywewa kama chai chungu tangu zamani na ulihesabiwa kuwa salama. Miaka ya 1980 ulianza kuuzwa nchini Ufaransa ukiwa katika kapsuli za kupunguza uzito, na madaktari wakaanza kupokea wagonjwa wa homa ya ini wasiokuwa na virusi wala historia ya pombe. Mwaka 1992 serikali ya Ufaransa iliupiga marufuku. Kilichobainika ni kwamba diterpini zilizomo, ikiwamo teukrini A, hugeuzwa na vimeng'enya vya ini lenyewe kuwa kemikali kali inayoshambulia seli za ini. Katika matumizi ya kale, mtu mmoja mmoja aliyeugua ini wiki kadhaa baada ya kunywa chai hakuwa na sababu ya kuihusisha na kikombe chake. Uhusiano ulionekana pale ambapo watu wengi walimeza kitu kile kile, kwa wingi, kwa wakati mmoja, na hospitali zikaweka kumbukumbu. Umri wa matumizi hauchukui nafasi ya ufuatiliaji wa madhara.

Hali ni ya kusikitisha zaidi huko Maghreb, ambako Atractylis gummifera, mbaruti wa porini wenye mzizi mnene, huwaua watoto katika maeneo ya vijijini ya Morocco, Algeria na Tunisia. Mtoto hutafuna utomvu wake kama ubani au huula mzizi akidhani ni atichoki ya porini. Kiambata chake, atraktilosidi, huziba mlango ambao ATP, molekuli inayobeba nishati, hutokea nje ya mitokondria, yaani viwanda vya nishati vya seli. Seli hukosa nishati, sukari ya damu huporomoka, na ini hushindwa kazi. Haina dawa maalumu ya kuiondolea sumu. Na hatari haiko vijijini peke yake: Oktoba 2022, katika eneo la Naples nchini Italia, watu walilazwa hospitalini baada ya kula mboga za majani zilizochanganyika na mandragora, mmea wa porini wenye sumu za atropini na skopolamini.

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo ndilo lililotusukuma kuandika, kwa kuwa linagusa moja kwa moja wagonjwa wetu. Hypericum perforatum, mmea wa maua ya njano unaoota porini katika ukanda wote wa Mediterania na ambao lebo nyingi huuita St. John's wort, huuzwa kama dawa ya huzuni na kukosa usingizi. Kiambata chake, haipaforini, huliamuru ini na utumbo kuzalisha kwa wingi kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 na visafirishi vinavyoziondoa dawa mwilini. Matokeo yake ni kwamba dawa nyingine huvunjwa na kutolewa kabla haijafanya kazi. Mwaka 2000 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mmea huu ulipunguza kiasi cha indinaviri, dawa ya kufubaza VVU, kwa asilimia 57, na mwaka huo huo iliripotiwa kutoka Zurich kwamba wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo walikumbana na mwili kuukataa moyo huo, kwa sababu dawa yao ya siklosporini, inayozuia kukataliwa huko, ilishuka kwenye damu. Indinaviri haitumiki tena kama zamani, lakini onyo linahusu pia dolutegraviri, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa matibabu ya VVU katika nchi zetu. Linahusu vipandikizi na vidonge vya uzazi wa mpango. Linahusu dawa mseto ya malaria, ALu, ambayo maelekezo ya mtengenezaji yanakataza isitumiwe pamoja na mmea huu. Athari hii haiishi siku mtu anapoacha. Vimeng'enya huchukua takribani wiki mbili kurudi katika hali ya kawaida.

Mama anayetumia kijiti cha uzazi wa mpango na akaanza vidonge hivi bila kumwambia mtoa huduma hafanyi kosa la kizembe. Hakuna aliyemwambia. Muuzaji, kwa upande wake, hana udhuru huo.

Kuhusu sheria, maelezo ni haya. Katika Tanzania, bidhaa yoyote inayodai kutibu, kukinga au kuchunguza ugonjwa ni dawa kwa mujibu wa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura 219, na inapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kabla ya kuingizwa, kuuzwa au kutangazwa, hata kama ndani ya kopo kuna majani matupu. Tangu 2019 masuala ya chakula na vipodozi yalihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikawa TMDA. Kwa hiyo lebo mpya inayojinadi kuwa imesajiliwa na TFDA ni ya kutiliwa shaka. Waganga na dawa za asili wana utaratibu wao chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002. Cheti cha nchi nyingine hakichukui nafasi ya usajili wa hapa. Wapo wanaotuonyesha usajili wa Ulaya chini ya Maelekezo 2004/24/EC na kudai umethibitisha kwamba dawa inaponya. Usajili huo hutolewa kwa dawa za asili zilizotumika kwa angalau miaka 30, kati yake 15 ndani ya Umoja wa Ulaya. Unathibitisha ubora na matumizi ya muda mrefu, na lebo yenyewe hutakiwa kusema hivyo.

Bidhaa isiyosajiliwa ikikutwa, mkaguzi huorodhesha mzigo, huchukua sampuli na kuifunga kwa lakiri mbele ya mwenye mzigo, na pande zote mbili husaini. Mzigo unaweza kutaifishwa na kuharibiwa kwa gharama za mwenyewe, na mhusika kufikishwa mahakamani, ambako anaweza kupewa faini, kifungo, au vyote viwili. Kudai kwamba bidhaa iliagizwa kwa matumizi ya familia, ilhali makopo yako kwenye maboksi ya jumla na bei zimebandikwa, hakumsaidii mtu.

Kauli halali kuhusu faida ya kiafya huwa finyu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 432/2012 inaruhusu muuza mafuta ya zeituni kusema kwamba polifenoli zake huchangia kulinda mafuta ya damu dhidi ya uharibifu wa oksijeni, ikiwa tu kuna angalau miligramu 5 za haidroksitairosoli (mojawapo ya polifenoli hizo) na jamii yake katika kila gramu 20 za mafuta, na mlaji aelezwe kwamba anahitaji gramu hizo 20 kwa siku. Ukilinganisha na lebo inayodai kusafisha damu, kuyeyusha uvimbe na kurudisha nguvu za kiume kwa pamoja, utaona mara moja ipi imeandikwa na mtu aliyepima.

Anayetaka ushauri alete kopo lenyewe, na lebo yake ioneshe jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, kiasi cha kiambata kwa kila kidonge, namba ya toleo na jina la mtengenezaji. Amwambie mfamasia dawa zote anazotumia, pamoja na kijiti na ARV, bila kuona haya. Akiona macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au anatapika na kuchoka kupita kawaida, aache bidhaa hiyo, aende hospitali siku hiyo hiyo na kopo lake, na aombe ijazwe fomu ya kuripoti madhara ya dawa. Kopo lisitupwe hata kama limebaki unga kidogo chini, kwa kuwa gramu chache zinatosha kwa uchunguzi wa maabara.