Dari ni nini?

Dari ni sehemu ya juu ya chumba kwa upande wa ndani, ile unayoitazama ukilala chali. Isichanganywe na paa. Paa huzuia mvua na jua. Dari huziba uwazi uliopo kati ya paa na chumba. Katika nyumba ya mabati hupunguza joto la mchana na kelele za mvua, na aliyewahi kupanga chumba kisicho na siling bodi anajua kwamba mvua ikikolea, redio haisikiki tena. Siku hizi wengi wanaweka jipsamu. Inapendeza, ila bati likivuja haifichi: kwanza doa la kahawia, halafu inavimba na kumeguka.

Ukifika Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, mambo ni tofauti. Katika nyumba za mawe, boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, zikiachana kidogo. Juu yake hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto na kupondwa hadi vishikane. Aliye chini huiona kuwa dari; aliye juu anaikanyaga, ni sakafu yake. Ndiyo maana mtu wa pwani akikwambia mwenyeji yuko darini, huenda ana maana ya ghorofani, wala si kule kwenye panya na popo. Boriti zenyewe hazivuki zaidi ya mita 3 hivi, kwa hiyo vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba. Tajiri aliweza kurefusha chumba apendavyo. Upana uliamuliwa na mkoko.

Dari ya kioo, usemi ulioanza Marekani kwenye miaka ya 1970, ni kizuizi kisichoandikwa popote: sheria haimkatazi mwanamke kuwa mkurugenzi, lakini kila nafasi ikitokea anapewa mwanamume.

Kiingereza hutumia neno la dari, ceiling, pia kwa kiwango cha juu kisichopaswa kuvukwa. Kwa maana hiyo Kiswahili kina ukomo na kikomo, na kwangu hayo yanatosha kabisa. Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei hiyo, ila kikizidisha hata kidogo kimevunja sheria. Bei hizo hutofautiana kati ya mji na mji, kwa sababu gharama ya kusafirisha kutoka bandarini imo ndani yake.

Serikali nazo hujiwekea ukomo wa deni, na huo husogezeka. Kenya iliupandisha kutoka shilingi trilioni 9 hadi trilioni 10 mwaka 2022. Mwaka uliofuata tarakimu hiyo ikaachwa, ukawekwa ukomo wa asilimia 55 ya pato la taifa, deni likipimwa kwa thamani ya sasa (yaani malipo ya miaka ijayo yakigeuzwa kuwa fedha za leo), na ruhusa ya kuzidi au kupungua kwa asilimia 5. Kwa kipimo cha namna hiyo, uchumi ukikua, nafasi ya kukopa nayo inapanda bila Bunge kupiga kura nyingine.