Redio isiyo ya faida ikiuza jengo lake, imeuza nini hasa?

Habari ikienea kwamba redio fulani imeuza jengo la studio, wasikilizaji wengi huanza kuomboleza, wakidhani redio yenyewe imekufa. Mara nyingi sivyo. Redio huwa na mali mbili, na kila moja ina karatasi yake. Kuna leseni ya masafa, yaani ruhusa ya kurusha matangazo kwenye namba fulani, na kuna kiwanja pamoja na nyumba iliyosimama juu yake. Nchini Marekani, ambako uuzaji wa aina hii umekuwa ukizungumzwa sana, leseni hutolewa na tume ya mawasiliano ya FCC, na nyumba ina hati kama nyumba nyingine yoyote ya mtaani. Tanzania nako ni vivyo hivyo: leseni utaifuata TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hati utaifuata ofisi ya ardhi. Unaweza kuuza moja ukabaki na nyingine.

Maneno "isiyo ya faida" nayo huwachanganya watu. Hayana maana kwamba redio hairuhusiwi kubaki na fedha baada ya matumizi, wala kwamba haiwezi kuuza mali. Maana yake ni kwamba haina wenye hisa. Nyumba ikiuzwa, hakuna mtu wa kugawana bei. Fedha zinatakiwa zirudi kwenye kazi ambayo taasisi iliundwa kuifanya. Jimbo la California limeweka sharti zaidi: shirika la hisani likitaka kuuza mali zake zote, au karibu zote, sharti limpe Mwanasheria Mkuu wa jimbo taarifa siku 20 kabla. Naliona sharti hilo kuwa la haki kabisa. Hati ina jina la shirika, lakini matofali yalinunuliwa kwa michango ya watu waliotoa kidogo kidogo.

Taasisi inayoonyesha jambo hili vizuri ni Pacifica, taasisi ya Marekani isiyo ya faida inayomiliki redio kadhaa. Iliasisiwa mwaka 1946 na Lewis Hill, mpinga vita aliyetaka redio inayolipiwa na wasikilizaji wenyewe, isiyotegemea matangazo ya biashara. Stesheni yake ya kwanza, KPFA ya Berkeley, ilianza kusikika tarehe 15 Aprili 1949. Baadaye zikafuata za Los Angeles, New York, Houston na Washington. Kila moja ina wasikilizaji wake, historia yake na ugomvi wake wa ndani. Ila kisheria mwenye mali ni mmoja.

Umoja huo ndio unaoleta maumivu. WBAI ya New York ilikuwa imepanga nafasi ya antena juu ya Empire State Building, ghorofa refu la mji huo. Kodi ikazidi uwezo wake, deni likalimbikizwa, na Oktoba 2017 mahakama ikaiamuru Pacifica ilipe takriban dola milioni 1.8. Mwaka uliofuata taasisi ikakopa dola milioni 3.7. Deni lilizaliwa New York, lakini mdai hamtafuti mtangazaji; anamtafuta mwenye hati. Kwa hiyo mchangiaji wa Berkeley au Houston, ambaye hajawahi hata kuisikiliza WBAI, anajikuta na sababu ya kuihofia nyumba aliyosaidia kuinunua.

Houston kuna KPFT, 90.1 FM, redio nyingine ya Pacifica. Mwaka 1970, ikiwa changa kabisa, mtambo wake wa kurushia matangazo ulilipuliwa kwa bomu mara mbili na watu wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi, na mara zote mbili ikarudi hewani. Nyumba yake ya Lovett Boulevard, katika mtaa wa Montrose, iliuzwa mwanzoni mwa miaka ya 2020. Redio haikuzimika.

Haikuzimika kwa sababu FM haihitaji ardhi kubwa, inahitaji kimo. Antena yake ni ndogo. Huwekwa juu ya mlima, ghorofa au mnara wa mtu mwingine, kwa kodi. Studio inaweza kuhamia vyumba vitatu vya kupanga na msikilizaji asijue.

Hata hivyo ni lazima kuuliza fedha zinakwenda wapi. NPR, mtandao wa redio za umma, iliuza makao yake ya Massachusetts Avenue mjini Washington, na mwaka 2013 ikahamia jengo jipya, kubwa zaidi. Huko ni kukua. Kuuza nyumba ili kulipa mishahara na umeme ni jambo jingine: bili hurudi kila mwezi, nyumba huuzwa mara moja, na kuanzia siku hiyo kuna kodi ya pango ambayo haikuwapo. Wako pia wanaouza kisha wakapanga humohumo, wakawa wapangaji katika nyumba waliyokuwa wenyewe. Tangu Bunge la Marekani lilipofuta dola bilioni 1.1 za utangazaji wa umma Julai 2025, natarajia bodi nyingi zitafungua makabati ya hati.

AM, yaani mawimbi ya kati, ndiyo isiyofuata kanuni ya mali mbili. Kule mnara wenyewe ndio antena, na chini yake huzikwa nyaya za shaba, aghalabu 120, zikitawanyika pande zote kama njiti za gurudumu la baiskeli. Ardhi ni sehemu ya mtambo. Family Radio, shirika la Kikristo lisilo la faida, lilikuwa na redio WFME, 1560 AM, ikirusha kwa kilowati 50 kutoka Maspeth, mtaa wa Queens, New York. Kiwanja kile kikauzwa kwa dola milioni 51. Februari 2021 redio ikanyamaza, na iliporudi ilitoka mahali pengine, kwa nguvu ndogo mno.