Wimbo ulioupenda redioni: andika saa kwanza

Swali linalonifikia kuliko mengine yote huanza hivi: "Kuna wimbo niliusikia redioni…" Kisha hufuata nusu ya kiitikio, maelezo ya sauti ya mwimbaji, na wakati mwingine sauti ya mtu aliyejirekodi kwenye simu akivumisha mahadhi. Mimi ni mtunza maktaba ya muziki wa redio. Karibu kila mara swali langu la kwanza halihusu wimbo wenyewe. Nauliza: ulikuwa unasikiliza kituo gani, siku gani, saa ngapi?

Wengi hushangaa, maana walijiandaa kuulizwa maneno. Lakini maneno ya wimbo uliopita mara moja hubadilika kichwani kabla hata siku haijaisha, na mahadhi huchanganyika na nyimbo nyingine unazozijua. Saa haichanganyiki na kitu. Kituo kinachorusha nyimbo kwa kompyuta huwa na kumbukumbu ya kila kilichopita hewani: jina la wimbo, msanii, ulianza sekunde ipi, ulikatwa sekunde ipi. Kumbukumbu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wasikilizaji. Ipo kwa sababu ya mirabaha, kwani vituo hutakiwa kutoa taarifa ya nyimbo walizopiga ili watunzi na wenye haki walipwe. Kwa hiyo jina la wimbo wako, mara nyingi, limeshaandikwa mahali fulani. Kazi iliyobaki ni kujua mstari upi.

Baadhi ya vituo huweka orodha ya nyimbo zilizopigwa kwenye tovuti yao, na wengine huonyesha saa chache zilizopita tu, kwa hiyo iangalie siku hiyohiyo. Kama orodha haipo, waandikie kituo, na hapo andika saa kwa namna isiyoweza kusomwa vingine. Kompyuta zetu hutumia mfumo wa saa 24. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunahesabu saa tangu kuche. Msikilizaji akiniandikia "2:15" bila neno jingine, naweza kulazimika kutafuta mara nne: 02:15, 08:15, 14:15 na 20:15. "Saa mbili na robo usiku" inamaliza kazi hiyo kwa maneno matano. Ongeza pia ulisikiliza kwa njia gani. Matangazo ya intaneti huchelewa nyuma ya mawimbi ya FM, pengine kwa nusu dakika, pengine zaidi, na nyimbo zinapofuatana bila mtangazaji kusema kitu, nusu dakika inatosha kukupeleka kwenye wimbo wa jirani.

Kama hukuangalia saa, kumbuka kilichotangulia na kilichofuata. Mama mmoja alinitafuta akitaka wimbo wa "mwanamke anayelia habari za mto". Alikuwa ameshaandika neno mto kwenye kila tovuti aliyoifahamu. Siku yenyewe ilikuwa Jumanne au Jumatano, hakuwa na hakika. Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa unafanya nini?" Akasema alikuwa anapiga pasi sare za watoto, na wimbo ulikuwa ndio kwanza unamkolea taarifa ya habari ikaukata. Hilo alilisema kama lalamiko tu, lakini ndilo lililonitosha. Nilifungua kumbukumbu za siku zote mbili nikaangalia wimbo wa mwisho kabla ya habari za saa moja asubuhi. Jumanne ulikuwa muziki wa ala tupu. Jumatano kulikuwa na wimbo ulioanza 06:56 ukafifishwa kabla ya beti la pili. Nikausikiliza. Mwimbaji alikuwa mwanamume mwenye sauti nyembamba ya juu, na neno lilikuwa moto, si mto. Nilipomtumia kipande, alinijibu, "Ndio wenyewe, mwanangu, ndio wenyewe!" Dalili mbili alizoziamini zilikuwa na makosa, na ile aliyoiona haina maana ndiyo iliyotufikisha.

Kumbukumbu nayo ina mianya. Mtangazaji akipiga wimbo kutoka kompyuta yake mwenyewe, mfumo haujui ni wimbo gani. Mseto wa DJ wa saa nzima mara nyingi huingizwa kama faili moja, na kumbukumbu itaonyesha jina la DJ tu hata kama ndani yake mna nyimbo ishirini. Msanii akiimba studio moja kwa moja, hakuna kilichoandikwa. Halafu kuna muziki unaopita chini ya sauti ya mtangazaji, au chini ya tangazo la biashara. Watu wengi huupenda huo kuliko wimbo wowote wa siku, lakini mara nyingi hutoka kwenye maktaba za muziki wa utayarishaji, umetungwa kwa ajili ya kazi hiyo, na huenda haukuwahi kutolewa kama wimbo wa kununuliwa. Kwa huo, mtu wa kumuuliza ni mtayarishaji wa kipindi.

Redio nyingi za magari huonyesha jina la wimbo kwenye kioo. Hayo ni maandishi ya mfumo wa RDS, yanayosafiri ndani ya mawimbi yaleyale ya FM. Nafasi yake ni herufi 64, kwa hiyo majina marefu hukatwa. Abiria apige picha.

Sasa simu. Wimbo ukiwa bado unapiga, programu ya kutambua nyimbo ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Ningependa ujue inavyofanya kazi, kwa sababu ukishajua hutakata tamaa pale inapokwama. Shazam, mojawapo ya programu hizo, ilipoanza Uingereza mwaka 2002 haikuwa programu ya simu kama tunavyoijua leo. Ulipiga namba 2580, tarakimu zinazoshuka katikati ya vibonye, ukaielekeza simu kwenye spika, ikajikata yenyewe, na baadaye ukapokea ujumbe mfupi wenye jina la wimbo. Mwaka 2003 Avery Wang, mmoja wa waanzilishi wake, alichapisha maelezo ya njia waliyoitumia.

Fikiria karatasi. Muda unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, sauti nzito ziko chini na nyembamba ziko juu, na kila palipo na sauti kali pana wino mzito. Huo ndio mchoro wa wimbo, wataalamu huuita spektrogramu. Programu hufuta karibu kila kitu kwenye karatasi hiyo na kuacha vilele tu, yale madoa makali kuliko majirani zake. Kinachobaki kinafanana na anga la usiku lenye nyota zilizotawanyika. Kisha huchukua nyota mbilimbili: sauti ya kwanza iko kimo gani, ya pili iko kimo gani, na kati yao umepita muda gani. Vitu hivyo vitatu vinafungwa pamoja kuwa namba moja, na namba hiyo hutafutwa kwenye hazina ya mamilioni ya nyimbo zilizokwisha kuchorwa kwa namna hiyohiyo.

Namba moja ikilingana haisemi kitu, maana nyimbo nyingi zinaweza kuwa nayo. Programu inasubiri zilingane nyingi, tena kwa mpangilio mmoja wa muda: kama nyota zako za sekunde ya kwanza, ya tatu na ya tano zote zinaangukia wimbo uleule kwa tofauti ileile ya muda, basi ni huo. Ndiyo maana unaweza kuanza katikati ya wimbo. Na ndiyo maana kelele za injini au watu wanaoongea haziivurugi kirahisi. Kelele huongeza nyota za uongo, lakini nyota kali za wimbo wenyewe nyingi hubaki zinaonekana.

Kinachoivuruga ni mwendo. DJ akiuongezea wimbo kasi ili mapigo yalingane na wimbo unaofuata, vimo na vipindi vyote hubadilika pamoja. Kuongeza kasi kwa takriban asilimia 6 kwa njia ya kawaida kunapandisha sauti kwa nusu toni nzima. Wewe utausikia ni wimbo uleule uliochangamka kidogo, lakini kwa mashine anga zima limehama. Kwa hiyo programu ikishindwa kwenye mseto wa DJ, jaribu tena wimbo unapobadilika. Kuna sehemu ambazo kasi haikuguswa. Msubiri pia mtangazaji amalize kuongea, usogeze simu karibu na spika. Na kama huna mtandao, rekodi tu kwa kinasa sauti cha simu. Sekunde kumi na tano za rekodi chafu zinaweza kutambuliwa baadaye ukizichezesha mbele ya simu nyingine, na zikishindikana, zinabaki kuwa kitu ambacho binadamu anaweza kukisikiliza. Rekodi ya namna hiyo ina thamani kwangu kuliko maelezo ya kurasa mbili.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba njia hii haitambui wimbo. Inatambua rekodi. Msanii yuleyule akiimba wimbo uleule jukwaani, kwa mashine hicho ni kitu kingine kabisa. Biashara ya muziki nayo inatenganisha hivyohivyo: rekodi ina namba yake, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na utungo una namba nyingine, ISWC. Ukikumbuka tofauti hiyo utajua kwa nini simu wakati mwingine inakuletea toleo lisilokugusa moyo, au inakaa kimya mbele ya wimbo ambao kila mtu chumbani anaujua.

Wimbo ukishapita na huna rekodi, kinachobaki ni utungo, yaani mahadhi kichwani mwako. Programu ya SoundHound hukubali uvumishe au uimbe, na Google waliweka huduma kama hiyo mwaka 2020. Hizi hazijali sana kimo ulichoanzia, zinaangalia mwendo wa kupanda na kushuka. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1975 Denys Parsons alitoa kitabu kilichopanga maelfu ya mahadhi kwa alama tatu tu: sauti imepanda, imeshuka, au imerudiwa. Mimi huandika J kwa juu, C kwa chini, S kwa sawa. Mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven, baada ya sauti ya kwanza, unakuwa S S C J S S C, na mtu asiyejua kusoma noti hata moja anaweza kuuandika hivyo. Jaribu kwa wimbo unaoutafuta kabla hujalala. Kesho mahadhi yatakuwa yamehama, lakini herufi zitakuwa palepale, na utajua ulichokuwa unavumisha jana.

Kuhusu maneno, nina ushauri mmoja kwa nyimbo za Kiswahili: tafuta kwa sikio, si kwa sarufi. Mashairi mengi mtandaoni yameandikwa na mashabiki kwa kusikiliza tu, na waimbaji humeza silabi. "Nitakuja" huimbwa "n'takuja", huandikwa "ntakuja". "Sitaki" inakuwa "staki". Andika zote mbili. Usichukue mstari unaorudiwa ukadhani lazima ndiyo jina, maana nyimbo nyingi zimepewa jina la mtu au neno linalotajwa mara moja. Na ukiwa na neno unaloliamini sana, jaribu pia ndugu zake wa karibu: mto na moto, penda na panda, kaa na kata. Neno lisilo la kawaida ndilo linalochuja vizuri. "Mpenzi" halitakufikisha popote.

Kuna wimbo mmoja unaoeleza yote haya. Miaka ya 1980, kijana mmoja Mjerumani alirekodi kwenye kaseti wimbo kutoka redioni bila kupata jina lake. Mwaka 2007 kipande chake kiliwekwa kwenye intaneti, na baadaye maelfu ya watu duniani wakajiunga kuutafuta. Programu za simu zilinyamaza, kwa kuwa hazina zao hazikuwa na rekodi hiyo. Maneno hayakusaidia, kila mtu aliyasikia kivyake. Jibu lilipatikana Novemba 2024: ni wimbo "Subways of Your Mind" wa bendi ya FEX kutoka Kiel, Ujerumani. Hakuna mashine iliyoutambua. Mtafutaji mmoja alikuwa akipekua magazeti ya zamani, akifuata bendi za eneo lile na za miaka ile, akaikuta bendi hiyo na kuwasiliana na mmoja wa wanamuziki. Mahali na wakati ndivyo vilivyofungua mlango, miaka 40 hivi baada ya kaseti kuzunguka.

Basi ukituandikia, ujumbe wa namna hii unatosha: "Habari za kazi. Jumatano iliyopita, saa moja kasorobo asubuhi hivi, nilikuwa nasikiliza kwa FM. Kabla yake mtangazaji alisoma salamu, baada yake palikuwa na tangazo. Sauti ya mwanaume, gitaa moja, nadhani nilisikia neno moto. Nimeambatanisha sekunde tisa nilizorekodi." Ujumbe kama huo huwa naufungulia kumbukumbu kabla sijamaliza kuusoma.