Rudisheni themostati mahali pake

Jumamosi iliyopita nimefungua nyumba ya themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ya Datsun 240Z nikakuta patupu. Ndani hamna kitu ila gundi nyekundu ya gasketi iliyopakwa kama siagi kwenye mkate. Hili ni gari la nne mwaka huu kuingia uani kwangu hapa Kibuli, Kampala, likiwa hivyo, na kila mara maelezo ni yale yale: “Fundi, huku kwetu ni nchi ya joto. Ile kitu ni ya Wazungu, wao wana baridi.”

Wajapani waliounda L24, injini ya gari hili, walitoa themostati za aina tatu. Ya nchi za baridi kali hufunguka kwenye nyuzi 88, ya kawaida 82, na ya nchi za joto 76.5. Yaani walitufikiria. Walijua gari litafika kwenye jua, na dawa yao ya jua ilikuwa themostati inayofunguka mapema. Hawakusema itoeni.

Sasa, mbona ukiitoa mshale wa joto unashuka? Unashuka kweli, ndiyo maana uongo huu haufi. Bila themostati, kwenye injini kama hii karibu maji yote yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na gari likiwa mwendoni injini haipati joto lake. Lakini kilichokuwa kinachemsha gari bado kipo. Kijana mwenye hiyo 240Z ameirithi kwa babake, anaipenda, na alinieleza vizuri kabisa bila kujua anautaja ugonjwa wenyewe: akitoka Jinja, ndani ya msitu wa Mabira mshale umelala, akifika foleni ya Mukono unapanda mpaka anazima. Hapo hata boneti sijafungua nimeshajua. Gari likikimbia, upepo unaingia wenyewe. Likisimama, linategemea feni. Kinachochemka kwenye foleni tafuta upande wa feni. Kinachochemka kwenye mlima ukiwa umekanyaga mafuta, tafuta rejeta iliyoziba.

Nikashika feni kwa mkono injini ikiwa ya moto, imezimwa, nikaisukuma. Ilitakiwa kuwa nzito, lakini ikazunguka yenyewe kama pangaboi. Klachi ya feni, inayoifanya feni izungushwe na injini, ilishamwaga mafuta yake, na michirizi myeusi ilikuwa imekauka usoni pake. Halafu kava ya feni haipo. Alipobadilishiwa rejeta miaka kadhaa nyuma ilionekana inasumbua kufunga, ikatupwa. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni kutoka kwenye injini yenyewe badala ya kuivuta kupitia rejeta. Vitu viwili hivyo tu. Themostati haikuwa na kosa lolote.

Ila kuna jambo linaloniudhi zaidi, na ni la watu wa upande wangu. Ukimuuliza fundi anayeitetea themostati, atakwambia: “Ukiitoa, maji yanapita mbio, hayapati muda wa kupoa kwenye rejeta.” Si kweli, jamani! Maji ni yale yale yanazunguka. Yakikaa kidogo kwenye rejeta, yanakaa kidogo kwenye injini pia, halafu yanarudi kwenye rejeta upesi zaidi. Maji yanayokwenda kasi hubeba joto vizuri kuliko yanayojikokota. Tukitetea jambo la kweli kwa sababu ya uongo, siku mtu akiugundua uongo anatupa vyote viwili.

Sababu za kweli ni hizi. Kwanza, themostati hata ikiwa wazi hubana maji kidogo, na mbano huo huongeza presha ndani ya bloku (mwili wa injini) na hedi (kichwa chake), pale kwenye vali za egzosi ambapo viputo vya mvuke hupenda kuanzia. Watu wa mashindano wanaoitoa huweka kisahani chenye tundu mahali pake, hawaachi wazi. Nakiri kwamba kwa gari la kwenda kazini sijawahi kuiona kwa macho yangu injini ya L iliyokufa kwa sababu hiyo peke yake. Pili, kuna injini, Toyota nyingi zikiwemo, ambazo themostati ina sahani ya pili inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima na maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Hizo ukizitolea themostati unazichemsha mwenyewe.

Tatu ni ubaridi, na hapa ndipo nilipoona injini zikiharibika. Kabureta za 240Z zinamwaga petroli kwenye injini isiyopata joto, sehemu yake haiungui, inashuka kwenye kuta za silinda na kuosha oili. Chomoa kijiti cha oili unuse: petroli. Unyevu nao hauvukizwi, unajikusanya, na chini ya kifuniko cha oili unakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Kijana wangu huyu alionyeshwa utando huo na fundi mwingine, akaambiwa gasketi ya hedi imeungua, akalipa. Hedi ikafunguliwa na kuchongwa bure. Na kwenye L24 ukichonga hedi, kemshafti inayofungua vali inasogea karibu na kranki inayoizungusha, cheni inalegea na taiming ya vali inachelewa, kwa hiyo lazima uinue minara ya kemshafti kwa shimu, vibati vyembamba vya kuwekwa chini yake. Haikufanyika. Kwa ajili ya kidude kinachoingia kwenye kiganja, sasa ana kazi ya wiki mbili.

Kuipima hakuhitaji gereji. Jana jioni nilibana uzi kwenye mdomo wa themostati mpya, nikaining'iniza ndani ya sufuria ya maji juu ya sigiri, na kipimajoto pembeni kisigusane na chuma. Kwenye 70 kimya. Kwenye 80 kimya. Ilipogonga 82 mdomo ukaachia, themostati ikadondoka kwenye maji, tik! Kampala tuko kama mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka karibu na 96, kwa hiyo ikifika hapo bado inaning'inia, itupe. Urefu huo huo ndio unaofanya kifuniko cha rejeta kisichoshika presha kuwa hatari zaidi kwetu kuliko Mombasa.

Ipi ufunge, 76.5 au 82? Nimeshabadili mawazo mara mbili. Sasa ninayo 82, kwa sababu safari zangu nyingi ni fupi na nataka oili ipate joto. Mwenzangu mmoja anaapa kwa 76.5, na injini yake ni safi kama yangu.

Maji ya bomba matupu acheni. Hedi ni ya aluminiamu, bloku ni chuma, na bila kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, kutu itakula hedi kwanza.

Ukishafunga, inua pua ya gari, fungua hita mpaka mwisho, jaza polepole, ukiminyaminya bomba la juu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Washa ukiwa umeacha kifuniko wazi. Kwa dakika kadhaa bomba la juu litakuwa baridi; usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Ukiona maji yanataka kupanda mdomoni, funga kifuniko. Weka kiganja juu ya bomba usubiri: ghafla litapata moto.