Soko la Hisa Si Upatu: Wanayodhani Wanafunzi wa Sekondari Dodoma na Ukweli Wake

Dhana ninayokutana nayo mara nyingi ninapozungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne hapa Dodoma, na ninayoiona kuwa ya hatari kuliko nyingine zote, ni ile inayolitia soko la hisa kapu moja na upatu na kubeti. Siwalaumu, kwani wengi wamekulia katika familia zinazoikumbuka DECI, mpango wa upatu ambako watu waliahidiwa kupanda fedha kama mbegu na kuvuna maradufu, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009.

Katika upatu wa aina hiyo hakuna kinachozalishwa. Mavuno ya aliyetangulia ndiyo fedha za aliyechelewa kuingia, na siku wanachama wapya wakikosekana mchezo wote huanguka. Mwenye hisa, kwa upande wake, anamiliki sehemu ya kampuni yenye mali, wateja na hesabu zilizokaguliwa, na gawio analopata hutokana na faida ya kampuni hiyo. Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo Aprili 1998 kwa hisa za TOL, kampuni inayozalisha gesi za viwandani na hospitali, husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwanafunzi akizoea kuuliza faida aliyoahidiwa inatoka wapi na nani anaisimamia, matapeli wengi watamkosa.

Wapo pia wanaoamini kinyume chake, kwamba hisa hupanda bei tu. Hisa za Vodacom Tanzania ziliuzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, na miaka iliyofuata zikauzwa sokoni chini ya bei hiyo. Aliyewahi kufika soko la mahindi la Kibaigwa hatashangaa, kwa sababu gunia lile lile huwa na bei yake wakati wa mavuno na bei nyingine ghala zinapoanza kuwa tupu. Tofauti ni kwamba bei ya hisa hubeba pia matarajio ya faida ya miaka ijayo, na kwa hiyo inaweza kushuka hata kama kampuni haijapata hasara.

Kuhusu dhana kwamba uwekezaji ni wa matajiri, jibu ni fupi: hisa za Benki ya CRDB zilipouzwa kwa umma mwaka 2009, moja ilikuwa shilingi 150. Hatifungani za Serikali, ambazo kwazo mwananchi huikopesha Serikali na kulipwa riba kila baada ya miezi sita, huhitaji mtaji mkubwa zaidi, lakini mifuko ya pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya Serikali inayokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza kwa niaba yao, hupokea viwango vidogo, na mmoja wake, Mfuko wa Watoto, mzazi humwekezea mtoto aliye chini ya miaka 18.

Kwa upande wa ajira, wengi hudhani kwamba kazi za fedha ni kukaa dirishani benki na kuhesabu noti, tena Dar es Salaam. Ukweli ni kwamba Wizara ya Fedha iko hapa hapa Dodoma, sawa na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, ambamo wakaguzi wa hesabu hufuatilia matumizi ya fedha za umma. Wapo pia madalali wa hisa, washauri wa uwekezaji, wachambuzi wa mikopo, na wataalamu wanaokokotoa uwezekano wa ajali, maradhi na vifo ili kampuni ya bima ijue itoze kiasi gani. Kazi hii ya mwisho hudai hisabati ya juu, ilhali uhasibu hudai zaidi umakini na uaminifu kuliko hesabu ngumu. Kwa hiyo anayevutwa na bima asikimbilie tahasusi ya ECA (uchumi, biashara na uhasibu) kwa sababu tu ina somo la biashara. Tahasusi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati), yenye hisabati ya juu, itamfaa zaidi, na ni vyema alijue hilo kabla ya kujaza fomu ya machaguo akiwa kidato cha nne.