Kwa nini milima ya Masasi inapanda ghafla

Ukitokea Mtwara kwa basi, ukishaipita Ndanda, milima ya Masasi inakutokea ghafla. Hakuna vilima vya kuitangulia: mikorosho kulia, mikorosho kushoto, mara jiwe tupu limesimama. Mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka nchi hii enzi za ukoloni, mwaka 1900 aliipa milima ya namna hii jina la inselberg, yaani mlima kisiwa. Wanajiolojia wanalitumia hadi leo.

Nami ni mjiolojia, na kila ninayepanda naye huuliza swali moja: mbona hapa panasimama hivi? Hujamaliza hatua mia, magoti yanatetemeka.

Jiwe hili ni naisi, lililopikwa kwa joto na mgandamizo chini kabisa ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Miamba iliyolifunika ikamomonyoka. Palipokuwa na nyufa nyingi maji yalipenya, mwamba ukaoza, mvua ikauchukua. Huo ndio uwanda unaouona chini. Pasipo na nyufa pakabaki. Mlima haukuota, nchi ndiyo iliyoshuka.

Mzigo wa juu ulipoondoka, jiwe lilitanuka na kupasuka matabaka matabaka kufuata umbo lake, kama maganda ya kitunguu. Ganda moja likiporomoka, la chini yake linabaki na ukali uleule.

Maganda hayo ndiyo ninayoyachunga zaidi. Kabla ya kukanyaga ukingo, ligonge kwa fimbo. Likitoa sauti nzito, limeshikana. Likilia kama mtungi mtupu, chini yake pana mwanya, zunguka. Michirizi myeusi nayo ni viumbe vidogo sana vinavyoishi maji yanapopita, na vikilowa vinateleza kama mlenda. Mvua ikinyesha usiku, mimi sipandi asubuhi yake.

Wakati wa kushuka wengi huegemea nyuma kwa woga. Mwili ukilala nyuma, nyayo hukosa uzito na raba huteleza. Inama kidogo mbele, piga hatua fupi, kanyaga kwa wayo mzima.

Juu huko hakuna ziwa, lakini mvua huacha vidimbwi ndani ya mashimo ya mviringo. Maji yakituama hulegeza madini ya jiwe, shimo hupanuka, nalo hushika maji zaidi mwaka unaofuata. Ndege hunywa humo hadi kiangazi kiyakaushe. Tafadhali, usinawe humo kwa sabuni.